Nashon Aliingia Kufanya Nini

Adhiambo mwanangu,

Sina haja ya kukuuliza hali, maana nimekuona sasa hivi ukitoka kwenda kuwaaga rafiki zako, kofia ya mama yako kichwani na koti hujalifunga. Ni saa nane mchana. Kesho wakati kama huu utakuwa angani. Nimekaa mezani jikoni na karatasi ninazoandikia orodha za kazini, kwa sababu sikupata nyingine.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na namba za simu mama yako ameshakuandikia kwenye ile karatasi ya mlangoni mwa friji. Ameandika kwa herufi kubwa kana kwamba unakwenda kuishi peke yako mwezini. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja, na nimekaa nalo tangu kabla hujazaliwa. Nataka ulisome leo, kabla hujapanda ndege, ili ukitaka kunikasirikia unikasirikie uso kwa uso.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii. Mimi Mjaluo wa Migori, mama yako Mkuria, na hakuna kati yetu aliyekubali kuishi ndani ya lugha ya mwenzake, basi tukakulea katikati. Kiswidi nimekizungumza zaidi ya miaka ishirini lakini sijawahi kulia kwa Kiswidi.

Siku uliyotuambia umepata nafasi na watafiti wa Mbita, kuhesabu ndege na popo ukingoni mwa ziwa, na kwamba siku za mapumziko utakuwa ukienda dala, nyumbani kwetu, kukaa na mama yako mkubwa Peres, mama yako alikukumbatia. Mimi nilitoka nje kuzoa theluji. Ulidhani nimeshindwa na furaha. Theluji ile, Adhiambo, nilikuwa nimeshaizoa asubuhi.

Mama Peres unamjua kwa picha moja na kwa sauti ya simu kila Krismasi. Unajua ni mjane wa kaka yangu Nashon. Unajua Nashon alikufa Osiri, kwenye mashimo ya dhahabu, kwamba alikuwa mchimbaji na ardhi ikamwangukia. Hivyo ndivyo nilivyokuambia ulipokuwa na miaka saba ukaniuliza kwa nini huna baba mkubwa, na hivyo ndivyo nilivyomwambia kila mtu. Sivyo ilivyokuwa.

Ngoja nianze na Daktari, kwa sababu bila yeye hakuna la kusimulia.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nakaa kwa mjomba wangu upande wa Lambwe, kule Homa Bay. Mvua ilinyesha, na ule udongo mweusi wa Lambwe ukalishika gari la mzungu mmoja mpaka milangoni. Tulikwenda kulisukuma. Nilipochungulia ndani nikaona kwenye kiti ndege amelala chali, macho yake ni pamba, mguuni amefungwa kikaratasi. Nilimwuliza mwenye gari kama hiyo ni dawa. Hakucheka. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, na alisema Kiswahili safi alichojifunzia Tanzania. Aliniambia jina la yule ndege, alikamatwa wapi, kimo gani juu ya bahari, siku gani. Alisema ndege bila lebo ni takataka tu, lebo ndiyo inayomfanya awe kitu. Jina lake lilikuwa Stellan. Kila mtu alimwita Daktari, na mimi pia, mpaka alipokufa.

Wiki iliyofuata nilikuwa nambebea nyavu. Baada ya mwezi nilikuwa najua kuchuna ndege bila kudondosha tone la damu kwenye manyoya, kumjaza pamba, kumshona, kumpangusa na kumwandikia lebo. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake, basi lebo zote zikawa zangu. Tulizunguka. Mbita, tukavuka kwenda Rusinga, tukarudi mpaka Homa Bay, tukashuka Migori hadi karibu na mpaka. Pale Mbita mama mwenye nyumba alinifukuza chumbani alipogundua kilichomo ndani ya makatoni yangu. Alisema hawezi kulala chini ya paa moja na mtu anayekataa kuwazika wanyama. Tulicheka sana habari hiyo, mimi na Daktari. Miaka hii sicheki. Naona kama yule mama aliona kitu.

Daktari alikuwa na tabia moja. Kabla ya kuamua lolote alinigeukia na kusema, "Joram, wewe unaonaje?" Hujui maana ya neno hilo kwa kijana ambaye hakuna mtu mzima aliyewahi kumwuliza kitu. Shuleni tuliambiwa, nyumbani tuliambiwa. Huyu aliuliza, akasubiri jibu. Mwanzoni nilijibu ninavyoona. Lakini polepole nilianza kumsoma uso. Nilijua akitaka tubaki, nilijua akitaka twende, na nikaanza kuona vile vile alivyoona yeye kabla hajamaliza kuuliza. Yeye alidhani tunafikiri sawa. Alinipenda kwa hilo. Alianza kusema kwamba akirudi kwao atanitafutia kazi kwenye makumbusho ya mji wake, na mimi nikaanza kuota kuhusu theluji.

Kisha akasikia habari za popo wa Osiri.

Kuna mashimo kule yaliyochimbwa tangu enzi za wakoloni, yakaachwa. Wachimbaji walisema kwenye shimo moja la zamani kuna popo wadogo wasiofanana na wengine. Daktari hakulala kwa hamu. Nami nilikuwa na kaka aliyelijua shimo hilo kuliko mtu yeyote.

Nashon alinitangulia kwa miaka tisa. Alianza kuchimba akiwa bado kijana, baba yetu alipokufa, na ndiye aliyenisomesha. Alikuwa na mabega ya mtu wa sururu na sauti ndogo, huwezi kuamini sauti hiyo inatoka kwake. Lakini wakati ninaousema alikuwa ameacha. Miaka miwili kabla, mwenzake waliyechimba pamoja alifukiwa mbele ya macho yake. Nashon alirudi nyumbani, akakaa siku nne bila kusema, na siku ya Jumapili akasimama kanisani akamwahidi Peres mbele ya mchungaji na waumini wote kwamba hataingia tena chini ya ardhi akiwa hai. Na hakuingia. Alilima tumbaku, akatengeneza baiskeli sokoni. Wachimbaji walimcheka kwamba mkewe ndiye mume. Yeye alitabasamu, akaendelea kuziba pancha.

Nilikwenda kwake. Peres alikuwa amesafiri kwao Oyugis na mtoto mdogo, kuna msiba. Nilimwambia Nashon nataka atuonyeshe shimo tu, na alikuja kutuonyesha tu. Ule ndio ukweli wa kwanza ninaotaka uushike: alitoka nyumbani akiwa na nia ya kutuonyesha.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Nashon aliinama kwenye mdomo wa shimo, akachukua udongo, akaufinya, akaunusa. Aliniambia kwa Kijaluo tusubiri siku mbili jua likaushe, tena tutege nyavu mdomoni tu, mtu asiingie. Nikaenda kwa Daktari aliyekuwa kando akifungua mizigo. Kibali chake kilikuwa kinaisha na keshokutwa ilikuwa lazima awe Nairobi. Aliniuliza, "Joram, wewe unaonaje?"

Nikamwambia ni salama, kaka yangu analijua shimo, amekubali kuingia.

Nikarudi kwa Nashon nikamwambia Daktari ameamuru iwe leo.

Umeona nilichofanya? Kila mmoja nilimpa neno la mwenzake, na hakuna kati yao aliyelisema. Walikuwa wamesimama hatua thelathini kutoka mmoja kwa mwingine. Wote wawili walijua Kiswahili. Wangeweza kuulizana. Lakini kila mmoja aliniamini, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Nashon alinitazama. Alisema, "Omera, ndugu yangu, kazi hii ni yako au ni yake?"

Nikasema ni yangu.

"Basi naingia kwa ajili yako. Lakini Peres asijue."

Aliingia na tochi, wavu wa mkono na mfuko wa kitambaa. Alikaa huko kama dakika ishirini. Alitoka amejaa tope, anatabasamu, mfuko unacheza mkononi mwake kama una moyo. Daktari alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Tukawahesabu, walikuwa kumi na tisa. Nashon alikwenda kunawa kwenye karai. Daktari aliwakagua mmoja mmoja, nikaona uso wake unabadilika. Wote walikuwa madume. Bila jike hata mmoja maelezo yake yangebaki nusu. Hakuniambia tufanye nini. Aliguna tu, akavua miwani, akaipangusa. Mimi nikausoma uso.

Nilikwenda pale kwenye karai. Nashon alikuwa ameshanawa mikono, anaikausha kwa shati. Nikamwambia, "Mara moja tu."

Aliiangalia mikono yake safi, akaokota tochi, akaingia.

Adhiambo, watu hudhani linalomsumbua mtu ni kishindo. Kishindo hakikuwepo. Sauti ilikuwa ya gunia la mahindi linalotuliwa chini, basi. Halafu vumbi lenye unyevu likatoka, na baada ya vumbi popo, mamia, mchana kweupe, wakinipita usoni na kunigonga mabegani. Miongoni mwao walikuwamo majike, bila shaka. Mimi nilisimama. Daktari ndiye aliyekimbia kuelekea shimoni.

Wachimbaji wa mashimo ya jirani walikuja na sururu na mitaimbo. Nilichukua jembe nikaingia kati yao, lakini mikono ilinitetemeka, nilikuwa narudisha udongo walioutoa, mpaka mmoja wao akanishika kola na kuniambia nikae mbali, nisije nikaua na wengine. Nikaenda kukaa chini ya turubai letu. Pale kwenye meza palikuwa na ule mfuko. Popo walikuwa wamekwisha kufa kwa joto. Na mikono yangu, ile iliyokuwa ikitetemeka, ikachukua kisu kidogo, ikaanza kazi.

Hakuna aliyenituma. Daktari, mtu wa vitabu, alikuwa shimoni bila miwani akichimba kwa kucha mpaka vidole vyake vikatoka damu. Mimi, wa tumbo moja na Nashon, nilikuwa kivulini nachuna popo. Niliwajaza pamba, nikawashona, nikawapanga kwenye kibao, nikaandika lebo kumi na tisa kwa mwandiko mzuri. Nimejaribu kujieleza kwamba nilikuwa nimechanganyikiwa. Pengine. Lakini mtu aliyechanganyikiwa haandiki kimo juu ya bahari.

Walimfikia siku ya pili, adhuhuri. Naibu wa chifu alikuja na daftari lake. Daktari alisimama karibu nami, mikono imefungwa vitambaa. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ni lazima tuseme ukweli wote. Kisha, kwa mazoea tu, akaongeza, "Unaonaje?"

Nilikuwa nimeshaona. Kibali chake hakikuwa cha kuingia migodini. Angefukuzwa nchini, na safari yangu ingefukuzwa pamoja naye. Nilimwambia aniachie mimi. Nikamwambia naibu kwamba marehemu alikuwa anatafuta dhahabu, sisi tulikuwa tunatega nyavu upande wa pili, tukasikia. Naibu aliandika. Daktari alitazama viatu vyake. Wachimbaji walionekana kuamini, kwa sababu ndivyo watu wa pale wanavyokufa.

Siku ya tatu Peres alifika, mtoto mgongoni, amevaa kiatu kimoja, kingine sijui alikipotezea wapi. Alinikuta mlangoni. Hakunisalimu.

"Aliingia kufanya nini?"

"Dhahabu," nikasema.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona."

Akapita ndani.

Kwetu siku ya mazishi mjane hupewa nafasi ya kusema. Peres alisimama mbele ya watu wote, akatazama jeneza, akasema, "Huyu mtu aliniahidi." Akakaa. Hakulia siku hiyo wala siku zilizofuata, na wanawake wakamsema kwamba ana moyo wa jiwe. Unajua desturi yetu ya kuwapa watoto majina ya waliokufa. Peres ana wajukuu watano sasa. Hakuna Nashon hata mmoja. Mwanawe mkubwa alipotaka kumpa mtoto wake jina hilo, Peres alisema jina la mtu mwongo haliingii kwake. Hayo aliniambia mwenyewe kwa simu, Krismasi moja, wewe ukiwa umekaa magotini pangu, na mimi nikamwambia nakuelewa, shemeji.

Mwaka uliofuata mazishi nilikuja huku. Daktari alitimiza ahadi yake yote. Ilikuwa huku huku nilipokutana na mama yako, aliyekuja kusomea uuguzi, tukakupata wewe. Maisha yangu yote unayoyajua, nyumba hii, kiti unachokalia, yamepitia mdomo wa lile shimo. Sisemi hivyo ili ujisikie vibaya. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilichoka kuwa mtu pekee aliyeijua.

Unajua kazi yangu ni kutunza droo za makumbusho. Uliwahi kuja ukiwa mdogo, ukapenda vipepeo. Ghorofa ya chini, kabati la mwisho kabla ya mlango wa dharura, ndimo walimo wale kumi na tisa. Kila mwaka ni lazima nizifungue droo zote, niangalie wadudu, nibadilishe dawa. Kila mwaka naivuta ile. Wako walivyo, vidole vimekunjwa, pamba imegeuka manjano kidogo. Lebo inataja Osiri, shimo la zamani, madume, jina la Daktari. Na saa. Nilikuwa na desturi ya kuandika saa, Daktari alinisifu kwa hilo. Saa nane mchana. Saa nane kaka yangu alikuwa hai, ananawa mikono. Hakuna mahali pengine duniani ambapo saa hiyo imeandikwa. Wakati mwingine nikiwa peke yangu nasikia maji ya karai. Sitanii. Nageuka, na ni bomba la ukutani, au si kitu.

Miaka minne iliyopita Daktari aliugua na nikaenda kumwona. Alikuwa amekonda, akili inakuja na kuondoka. Tulizungumza habari za Mbita, akamkumbuka yule mama mwenye nyumba. Kisha akasema kwamba kuna mtu aliyefia shimoni, mtu hodari sana, ndugu wa mtu fulani, ila jina limempotea. Nilimwambia anaitwa Nashon. Alitikisa kichwa kama anayelisikia mara ya kwanza. Nikammenyea chungwa, akala, nikaondoka. Nilipofika kituo cha basi ndipo nilipoelewa kwamba sasa nimebaki mimi tu.

Wewe sasa unakwenda kuanza ile kazi, lakini wewe ndiwe utakayekaa kiti cha mbele. Utapewa msaidizi wa kule, kijana wa Mbita au binti wa Lambwe anayezijua njia. Atakupenda, maana wewe hupendeka. Utamwuliza anaonaje, kwa sababu umelelewa vizuri, na atakujibu unachotaka kusikia. Hatakuwa mwongo. Atakuwa mtu anayeota theluji. Sina dawa ya hilo. Ningejua dawa yake ningekuwa mtu mwingine. Naweza kukuambia tu kwamba Daktari hakuwa mtu mbaya, na kwamba laiti angetembea zile hatua thelathini akamwuliza Nashon mwenyewe, tungerudi na mifuko mitupu, na mimi pengine ningekuwa natengeneza baiskeli Migori, na wewe usingekuwepo. Sijui nifanye nini na mawazo hayo. Nimeyazunguka miaka mingi na hayana mlango.

Wiki mbili zilizopita nilimwambia mama yako kila kitu. Alikaa palepale unapokaa wewe. Nilimweleza mpango wangu, kwamba nikuandikie barua kwa ajili ya Peres, umpelekee, umsomee, kwa kuwa wewe ni mtoto na mtoto hapigwi. Mama yako hakupandisha sauti. Alisema, "Unataka tena kumtuma mtu mahali ambapo wewe hutaki kuingia."

Baada ya hapo hatukusemeshana siku mbili. Hukugundua, ulikuwa na mambo ya viza.

Leo asubuhi, ulipokuwa bado umelala, nilimpigia Peres simu. Alikuwa uani, nilisikia kuku na mtu akipepeta nafaka. Alidhani kuna kifo, maana huwa sipigi nje ya Krismasi. Nilimwambia kwa Kijaluo, polepole, bila kurukia chochote. Mvua. Udongo alioufinya. Neno nililompa Daktari na neno nililompa Nashon. Madume. Karai. Nilimwambia kwamba dhahabu haikuwepo, kwamba mumewe hakuvunja ahadi kwa ajili ya mali, aliivunja kwa sababu mimi nilimwomba, na kwamba alisema jina lake kabla ya kuingia, alisema Peres asijue.

Mtu alimwita huko uani, akamwambia angoje.

Kisha akauliza, "Ulipomrudisha mara ya pili, alisema nini?"

Nikasema hakusema kitu.

"Hakukataa?"

"Hakukataa."

Nilisikia anavuta pumzi. Alisema, "Miaka yote hii, Joram, nimelala nikimgeuzia mgongo."

Baadaye akaniuliza unafika lini, nikamwambia keshokutwa. Akauliza unakula nini. Nikasema kila kitu. Akasema utalala chumba chake, si cha wageni, na kwamba atakupeleka kaburini yeye mwenyewe, pamekuwa na magugu, ila mtayang'oa pamoja. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayepanga safari ya sokoni. Nikajipa moyo. Nikamwambia na mimi ningependa kuja, mwezi wa nane nikipata likizo, nisimame mbele ya watu niyaseme haya kwa mdomo wangu, halafu nimpigie magoti.

"La," akasema. "Mtoto aje. Wewe kaa huko huko."

Akakata simu.

Hayo ndiyo niliyotaka uyajue kabla hujaondoka. Usimwombe anisamehe. Usinitetee, wala usimwambie jinsi nilivyo baba mwema, kama bado unaona hivyo. Akikuuliza swali lolote, jibu unavyojua wewe, usisome uso wake kwanza.

Nitaiweka barua hii juu ya meza, mahali pako. Sitatoka nje. Nitakaa kwenye kiti cha pili mpaka uimalize, hata kama utaisoma mara mbili.

Ni mimi baba yako,
Joram